Bata Mzinga Hakamatwi kwa Mbio



Kila mwaka, siku za Krismasi zinapokaribia, wanunuzi wa bata mzinga huanza kuonekana katika njia za skimu zetu. Hufika kwa pikipiki au kwa gari dogo, mara nyingi saa za adhuhuri, na kila mmoja husema kwamba ana haraka. Basi mwenye shamba hupatana naye bei, kisha huwaita watoto na kuwaambia, "Haya, kamateni wale wawili." Hapo ndipo hasara inapoanza.

Nataka kusema jambo moja katika ukurasa huu, nami nalisema wazi ili anayetaka kubishana nami ajue pa kuanzia. Kazi ya miezi mingi ya kumlea bata mzinga yaweza kuharibika kwa robo saa ya kumkimbiza. Kumkamata ndege huyu si kazi ya miguu. Ni kazi ya kuchagua saa, na ya kumzoeza mapema. Mkulima anayefuga bata mzinga bila kufikiri atawashika namna gani siku ya kuuza, ni kama mtu aliyelima, akapalilia na kuvuna, kisha akapakia mahindi yake katika gunia lililotoboka.

Wengine watasema, "Karani wa ofisi ya kilimo atatufundisha nini?" Ni kweli, kazi yangu ni kuandika barua na kujaza vitabu vya ofisi. Lakini malalamiko yenu hupitia mezani kwangu. Nimesoma barua za watu waliokatwa bei kwa sababu ya bawa lililovunjika, na za majirani waliogombana kwa ajili ya ndege aliyekimbilia shamba la mwingine. Tena kabla ya ukarani nilisomea ualimu, na ualimu ulinifundisha kwamba kiumbe anayeogopa hajifunzi kitu ila kukimbia.

Shamba dogo na fedha ya Januari

Sote twajua jinsi mashamba yetu yalivyo. Mwaka 1962 serikali ya wakati ule ilianza mpango wa kununua ekari milioni moja za mashamba makubwa ili wagawiwe wananchi. Tangu hapo vipande vingi vimepita kutoka kwa baba hadi kwa wana na wajukuu, na mahali pengi vimegawanywa tena. Ekari zimepungua na watu wameongezeka. Ng'ombe wa maziwa anataka majani mengi kila siku. Bata mzinga huzunguka mwenyewe, huokota panzi, majani mabichi na mbegu zilizoanguka, na jioni hurudi nyumbani. Ndiyo maana akina mama wengi wamempenda.

Fedha yake hupatikana Desemba, na Januari shule hufunguliwa. Kwa hiyo tukizungumza juu ya mguu wa bata mzinga uliovunjika, tunazungumza juu ya karo na sare ya mtoto. Haifai mtu kulidharau jambo hili na kuliita mchezo wa watoto.

Kwa nini hukimbia

Asili ya bata mzinga ni Amerika. Watu wa Mexico ndio waliomfuga, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Wazungu kufika huko. Ndugu zake wa porini wangali wako hata leo, nao usiku hulala juu ya miti ili kujiepusha na maadui. Basi ukimwona ndege wako amepanda juu ya paa la jikoni au juu ya mti wa jirani jua linapozama, usimwite mkaidi. Anafuata desturi ya ukoo wake.

Macho yake yako kando ya kichwa, hata huona karibu pande zote bila kugeuka. Mchana, mtoto anayemnyemelea kwa nyuma huonekana zamani. Lakini giza likiingia macho hayo hayamfai sana, naye hutulia mahali alipo. Mwenye akili huchagua kukutana naye wakati huo, siyo saa sita mchana anapokuwa na macho, miguu na mbawa zake zote.

Hasara ya mbio

Ndege hana jasho. Akishikwa na joto hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Dume aliyenona, mwenye kilo kumi au zaidi, akikimbizwa juani aweza kuanguka na kufa mbele ya macho ya mnunuzi. Huyo hana bei tena.

Asipokufa, hujiumiza. Hujigonga kwenye seng'enge, huvunja bawa, au hushikwa kwa mguu mmoja na kiungo cha paja kikateguka. Mahali alipogongwa damu huvilia chini ya ngozi, na akishachinjwa na kunyonyolewa alama huonekana. Wanaokagua nyama ya ndege huweza kukisia umri wa alama hiyo kwa rangi yake. Nyekundu ni ya muda mfupi tu uliopita, zambarau iliyokolea ni ya saa nyingi, na ya kijani ni ya siku nzima au zaidi. Basi usidhani kwamba mnunuzi hawezi kujua ndege aliumia shambani kwako au garini kwake.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa nje kabisa. Nyama ya ndani ya kifua cha bata mzinga imebanwa kati ya mfupa na utando mgumu. Ndege akipiga mbawa kwa nguvu kwa muda mrefu, nyama hiyo huvimba, na kwa kuwa haina nafasi ya kutanuka, damu haipiti. Baadaye hufa na kugeuka rangi ya kijani. Wataalamu wa Marekani waliueleza ugonjwa huu kwa bata mzinga mwaka 1968, na mpaka leo wengine huuita kwa jina la jimbo la Oregon. Ndege aliyekimbizwa Jumatatu akaponyoka, akapumzika, kisha akauzwa wiki zilizofuata, aweza kuwa amebeba kasoro hiyo. Mpishi wa hoteli huiona anapokata kifua. Hatakuandikia barua. Atamwambia mnunuzi asilete tena ndege wa kwako.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Tuseme una bata mzinga 6 wa kuuza, na bei mliyopatana ni shilingi 4,000 kila mmoja. Hiyo ni shilingi 24,000. Mmoja amekufa kwa joto, umepoteza 4,000. Wawili wameumia mbawa, mnunuzi amekata shilingi 1,000 kwa kila mmoja. Umebaki na 18,000. Shilingi 6,000 zimekwenda, nayo ni robo ya fedha yote, kwa sababu mtu mmoja hakutaka kungoja jua lizame.

Mzoeze tangu mdogo

Samaki mkunje angali mbichi. Bata mzinga aliyezoea mkono wa mtu na sauti ya mtu hana haja ya kukamatwa kwa vita. Kila jioni, saa ile ile, tuseme saa 12 kasorobo, chukua debe lenye mahindi kidogo, litikise, na uwaite kwa mwito mmoja usiobadilika. Uwape punje chache ndani ya banda au ndani ya ua, siyo nje. Fanya hivyo kila siku, hata siku za mvua. Baada ya majuma machache watakuja wakikimbia kukufuata wewe, badala ya wewe kuwafuata wao.

Ndani ya banda weka miti ya kulalia, minene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, isiyo na ncha. Isiwe juu sana. Ikiwa usawa wa kiuno chako au chini kidogo yatosha, maana dume zito likiruka kutoka juu huumia miguu. Ndege akiwa na mahali pazuri pa kulala, hataupenda tena mti wa jirani.

Wale wanaoruka ua hupunguzwa manyoya marefu ya bawa moja tu, ili akijaribu kuruka akose usawa. Kata manyoya yaliyokomaa. Usikate unyoya mchanga ambao shina lake lina damu, maana atatokwa na damu nyingi. Tena ujue kwamba aliyepunguzwa bawa hawezi kumkimbia mbwa kwa kuruka, kwa hiyo lazima alale ndani.

Namna ya kumshika

Ngoja giza liingie, kama saa 1 usiku, wakati wote wamekwisha kupanda miti yao na kutulia. Ingia polepole, mtu mmoja au wawili, bila kelele. Tumia taa hafifu na usiwamulike machoni. Zungumza nao kwa sauti ile ile ya kila jioni. Chagua unayemtaka kabla ya kunyosha mkono, maana ukiwagusa wanne ili kumpata mmoja, banda zima litaamka.

Mkono mmoja ushike miguu yote miwili pamoja, juu ya kifundo. Mkono wa pili upite mgongoni, ushike bawa la upande wa mbali karibu kabisa na bega. Mwinue na umlaze kifuani mwako, mbawa zikiwa zimebanwa na mkono wako, kichwa kikielekea nyuma. Mbawa zikishatulia na yeye hutulia. Kwa dume kubwa wawepo watu wazima wawili. Dume lina kucha na kikwaru, na bawa lake laweza kumwumiza mtoto usoni. Vaa shati la mikono mirefu, na uso wako usiukaribishe kwake.

Usimshike kwa shingo. Usimshike kwa mguu mmoja wala kwa ncha ya bawa. Na usimbane kifua kwa nguvu. Ndege hana kiwambo cha pumzi kama sisi, naye huvuta hewa kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua. Ukiuzuia mfupa huo unamziba pumzi, hata kama pua yake iko wazi.

Saa hiyo ya jioni ina faida nyingine pia. Hata kama huuzi, mara moja kwa mwezi washike mmoja mmoja. Papasa kifua ujue nani amekonda, funua mbawa utazame chawa, angalia miguu na macho. Na wakati wa chanjo ya ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri, ndege aliyezoea kushikwa hutiwa tone la jicho bila taabu. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Ikiwa ni lazima mchana

Pengine ndege ameumia, au kuna sababu nyingine isiyoweza kungoja. Hapo pia usikimbize. Swaga. Bata mzinga hupenda kwenda pamoja, na kundi lake huswagwa vizuri kama kondoo. Katika karne ya 18 wakulima wa Norfolk, Uingereza, walikuwa wakiwaswaga bata mzinga wao kwa miguu mpaka London, mwendo wa zaidi ya kilomita 150, wakisafiri siku nyingi. Ikiwa wao waliweza safari hiyo, sisi twaweza mita hamsini za uani.

Chukueni fito mbili ndefu, kila moja imefungwa kitambaa nchani. Watu wawili watembee nyuma ya kundi, mbali kidogo, wakiwa wamenyosha fito kila mmoja upande wake. Msipige, na msipige kelele. Waelekezeni kwenye pembe ya ua au penye wavu uliotengenezwa kama mdomo wa mtego wa samaki, mpana mbele na mwembamba nyuma. Wakiingia, funga na uwaache watulie kidogo, ndipo uingie kumshika mmoja. Wakianza kuhema mdomo wazi, acha kazi na uwape maji na kivuli.

Tenga, siyo mpini wa pikipiki

Twaona kila Desemba ndege wakining'inizwa kichwa chini kwenye pikipiki, vichwa vyao karibu kugusa vumbi. Desturi hii ni mbaya, nami sioni haya kusema hivyo. Mzigo wa matumbo hulemea mapafu, miguu huvimba kwa kamba, na mbawa hupigapiga njia nzima. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, mfuko wako wenyewe ungekukataza.

Tumia tenga la fito lenye mlango mpana, refu kiasi cha ndege kuketi na kuinua kichwa. Weka nyasi kavu chini asiteleze. Usiwajaze. Ikiwa huna budi kufunga miguu, tumia utepe wa kitambaa laini, siyo katani wala mpira wa gurudumu. Ndege ashikwe usiku, awekwe ndani ya tenga mahali penye hewa, na safari iwe alfajiri kabla jua halijapanda.

Mnunuzi na angoje

Najua jibu la wengi: "Mnunuzi ana haraka. Nikimwambia arudi kesho atakwenda kwa jirani." Hapa ndipo nguvu ya umoja inapotakiwa. Mtu mmoja akikataa kukamata mchana, mnunuzi huvuka ua. Skimu nzima ikikataa, mnunuzi atakuja alfajiri, tena atafurahi kuwakuta ndege wake wazima ndani ya matenga. Vyama vyetu vya ushirika na vikundi vya akina mama vyaweza kupanga siku moja ya kukusanya, na mahali pamoja pa kupimia uzito. Si lazima tungoje barua kutoka ofisini ili tufanye hivyo. Mkutano mmoja chini ya mti watosha.

Tena kuna jambo la nyumbani ambalo sitaki kulipita. Mara nyingi mama ndiye aliyeatamisha mayai siku 28, aliyevilinda vifaranga na mvua, aliyetikisa debe kila jioni. Lakini siku ya kuuza, baba ndiye anayepatana na mnunuzi, na watoto ndio wanaotumwa kukimbiza. Ndege hawamjui baba, wala hawamjui mnunuzi. Wanamjua yule anayewalisha. Maoni yangu ni kwamba mwenye kuwalisha ndiye awe mwenye kuwashika, na mwenye kuwashika ndiye apokee fedha mkononi mwake na kuzihesabu. Baba akitaka kusaidia, na ajenge banda na kusuka matenga, kisha ashike taa usiku ule. Nyumba isiyofanya hivyo mara nyingi humwona mama akichoka, na mwaka wa pili hakuna tena bata mzinga uani.

Jirani naye tusimsahau. Ndege wako akilala katika mti wake, usivuke ua usiku na taa bila kumwambia. Mtu anayenyemelea ndege gizani katika shamba la mwingine hufanana sana na mwizi, na neno hilo likishasemwa halirudi. Bisha hodi kwanza, mwombe ruhusa, na mwende pamoja. Kisha asubuhi utengeneze banda, ili usimwombe tena.

Sijasema kwamba mambo haya yataondoa hasara yote. Mwewe yupo, magonjwa yapo, na bei hupanda na kushuka bila kutuuliza. Lakini hasara ya mbio ni yetu wenyewe. Haikuletwa na mvua wala na soko. Twaweza kuiacha mwaka huu huu, bila mkopo na bila dawa ya kununua. Inahitaji debe, mahindi kiganja kimoja, na subira ya kungoja giza.

Basi jioni ya leo, kabla hujafunga mlango, toka uhesabu bata mzinga wako na uangalie kila mmoja amelala wapi. Ukiona kwamba huwezi kumfikia hata mmoja kwa mkono wako, anza kutikisa debe kesho. Desemba haiko mbali.